Maji Safi ya Kunyweshea Sangari

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, Chifu wetu, Mchungaji, ndugu wageni waalikwa, akina mama mliopika, na nyinyi mliofuata moshi: hamjambo.

Nimepewa dakika tano nimuage Bwana Kiema, anayestaafu leo baada ya kuwa bwana shamba wetu hapa Kambu kwa miaka kumi na tisa. Nitazitumia kukiri kosa.

Mnaukumbuka mwaka wa themanini na saba? Jirani yangu Mwaitu Kalunde alivunjika mkono mwezi wa Septemba, shamba limejaa sangari, nyasi ambayo ukiikata kwa jembe inakushukuru kwa kuzaa mara mbili. Mjane, watoto wanne, mkono mmoja: asipopanda kabla ya mvua, wangekula nini? Bwana Kiema akaleta dawa ya kuua magugu, mimi nikateka maji, tukanyunyiza. Wiki mbili zikapita. Sangari ikanawiri.

"Bwana Kiema," Mwaitu akamwambia sokoni, watu wakisikia, "hiyo dawa yako ni mbolea?"

Tangu siku hiyo tukamwita Mbolea. Hata mimi. Hasa mimi.

Alikuja kwangu akauliza, "Nzomo, yale maji uliyatoa wapi?"

"Bwawani."

"Yenye tope?"

"Sasa Bwana Kiema, mama achimbe mchanga wa mto tangu alfajiri apate debe moja la maji safi, nami nikayamwagie majani?"

Nani kati yenu angefanya hivyo? Mkamba ainyweshe sangari maji ya kunywa! Lakini akanieleza, nami, ndugu zangu, nikaketi chini. Ndani ya kila jani kuna kimeng'enya, kifundi kisichoonekana hata kwa miwani ya Mchungaji, ambacho husaidia kutengeneza vitu vya kujengea mwili wa mmea. Dawa huingia kwa jani, ikashuka hadi mizizini, ikakalia kiti cha fundi huyo. Basi. Haichomi, haikati. Mmea una jua, una maji, una udongo, na unakufa njaa karamuni. Sisi na mbuzi hatuna fundi huyo. Vitu hivyo tunavipata kwa kula. Nawe Muli, unayecheka pale nyuma, hiyo si ruhusa ya kuionja. Na dawa hiyo hiyo, inayoangusha shamba zima kwa kukalia kiti kimoja, ikikutana na tope hulikumbatia na kusahau kazi iliyoileta! Nani alivipanga vitu hivi? Mimi niliyeishia darasa la nne, mpaka leo nikitazama jani navua kofia.

Alikuwa amebakiwa na dawa ya kujaza pampu ya mgongoni mara tatu. Akatoa madebe matatu ya maji ya kunywa ya nyumbani kwake. Mkewe, Mama Syokau, akachukua debe tupu akashika tena njia ya mtoni. Siku ya saba ncha zikageuka njano. Ya kumi na mbili, sangari ilikuwa imekauka hadi mzizi. Mwaitu akapanda, na mvua ikamkuta tayari.

Watu wakasema safari hii alileta dawa ya kweli. Nikamwuliza, "Mbona hukunitaja?"

"Nzomo, wewe unakaa hapa. Mimi ni mtu wa kuhamishwa."

Hakuna aliyemhamisha. Jina la Mbolea amelibeba miaka sita, na lilikuwa langu. Mwaitu Kalunde, lile tope nililiteka mimi. Bwana Kiema, mbele ya serikali na kanisa, naomba unisamehe.

Namwona Mwaitu amesimama, na ameshika mwiko. Asanteni kwa kunisikiliza. Chifu, naomba nikae karibu na wewe.