Nilikwenda Kutafuta Dawa kwa Mama Rehema

Bwana asifiwe, wapendwa! Aa-aa, hapana. Mmeitikia kama watu wanaowaza ugali walioacha jikoni. Bwana asifiwe! Haya, hapo nimewasikia. Mchungaji amenipa dakika chache, na mdomo wangu anaujua, kwa hiyo naanza.

Kwa wasionijua, naitwa Mama Kija. Ni fundi cherehani, kibanda changu ni kile cha bluu hapa Igoma, barabara ya kwenda Musoma. Ndugu zangu, mimi najua kushona. Sijisifu. Au najisifu kidogo, Mungu anisamehe. Nikikata kitenge, maua yanakutana kwenye mshono utadhani kitambaa hakijaguswa na mkasi. Muulizeni mzee wa kanisa, shati alilovaa pale mbele ni la mkono wangu.

Sasa, ng'ambo ya barabara akaja kufungua mama mmoja, Mama Rehema. Na yeye fundi. Pindo zake nilikuwa naziona zikipita barabarani zimekwenda upande, nasema moyoni, hii nayo ni nguo? Lakini wateja wakaanza kuvuka. Leo mmoja, kesho mwingine. Mtu ananisalimia vizuri kabisa, "Za asubuhi, Mama Kija," halafu anavuka barabara na kitenge chake kwapani!

Ndugu zangu, wivu ni ugonjwa. Nilikuwa nashona huku jicho liko ng'ambo. Sindano imenichoma kidole kwa ajili ya yule mama. Nilijua kicheko chake, nilijua mchana amepika nini, nilijua gauni lipi limening'inia mlangoni kwake na limekaa kwa muda gani. Akicheka na mteja, mimi huku nakosea mshono. Usiku namuota. Mume wangu akaniuliza, "Hivi wewe umeolewa na mimi au na Mama Rehema?"

Na mnajua sisi Wasukuma. Mtu akijaza wateja hatusemi ana bidii. Tunasema ana samba, ile dawa ya kuvuta watu. Basi nikasema huyu ana samba, tena si ya kitoto. Nikalileta jina lake kwenye maombi ya akina mama. Wengine wenu mlikuwepo, msijifanye! Tulikemea, tulikanyaga chini tukaponda vichwa vya nyoka, jasho likatutoka. Na nyoka mwenyewe wakati huo yuko kwenye kibanda chake, anashona gauni la mtoto wa kipaimara.

Halafu ikanifika nyumbani. Nina mdogo wangu, Minza. Mama yetu alifariki kule Magu Minza akiwa bado shule ya msingi, baba akabaki na pamba yake na ng'ombe, mimi nikamchukua mtoto nikamleta huku mjini. Nimemlea. Nimemsomesha kwa cherehani hii hii. Nilipokuwa na njaa yeye alikula. Akapata mchumba, kijana Mhaya, mwalimu, mtu mpole. Sendofu ya kumuaga ikapangwa. Ndugu zangu, nilifurahi mno! Nikashuka Mirongo kutafuta lesi ya gauni lake, nikazunguka maduka mpaka miguu ikavimba. Na nilikuwa nimeshajiona siku ile kwenye kiti cha mama, pale mbele, bibi harusi anakuja na keki ya wazazi, anapiga magoti, ananilisha. Hicho kiti nilikuwa nakingoja tangu siku nilipomvalisha Minza sare yake ya kwanza ya shule ya huku mjini.

Basi narudi na lesi yangu, nani namwona anatoka kwa Mama Rehema? Minza! Na futi ya kupimia bado iko begani kwake, kaisahau! Nilivuka barabara bila kuangalia magari. Nilipiga kelele mpaka wauza nyanya wakasimama. Minza hakupandisha sauti. Akaniambia tu, "Dada, gauni nashonewa hapa. Na kwenye kiti cha mama atakaa shangazi. Niache, dada."

Shangazi! Shangazi ambaye Minza alipougua malaria hakuleta hata chungwa!

Sikulala vizuri siku nyingi. Nikasema sasa samba imeingia mpaka kwenye damu yangu, imeniibia mtoto. Nikaamua kwenda mwenyewe, niione ilipofichwa. Nikachukua kitenge kama mteja, kwenye mkoba nikaweka chupa ya mafuta ya upako, nia yangu niyamwage pale pale penye dawa. Nikavuka mchana kweupe. Nikakaa kwenye benchi la wateja wake. Mimi, fundi, kwenye benchi la Mama Rehema! Nikaangalia juu ya mlango, hamna kitu. Chini ya cherehani, vipande vya vitambaa tu. Nikajifanya nimeangusha ufunguo nichungulie chini ya meza. Nikaona kandambili zake.

Mbele yangu alikuwepo mama mmoja mnene, mteja wangu wa zamani. Mama Rehema akavuta pazia, wakaingia wawili tu. Nikatega sikio. Kimya. Anapima, anaandika mwenyewe. Kisha nikamsikia anauliza, "Hiyo siku utakaa sana au utasimama sana?" Yule mama akaanza kueleza, ni harusi ya mwanawe, anaogopa wakwe, na miguu inamuuma. Anaeleza kila kitu! Kwangu hakuwahi kusema chochote zaidi ya bei.

Ndipo nikakumbuka mimi nilivyompima. Mafundi mnaosikiliza mnajua, wengi wetu tulifundishwa hivyo: mmoja anapima, mwingine anaandika. Mimi napima pale barazani, msaidizi wangu Mama Suzi yuko kwenye cherehani nyingine anaandika, na ili asikie juu ya magari, napaza sauti. Yule mama nilimzungushia futi nikatangaza, "Kiuno arobaini na sita! Ee mayo, huyu mume anakulisha nini?" Benchi zima likacheka. Na yeye alicheka. Ndugu zangu, alicheka! Mimi nikajua nimemchangamsha. Hakurudi tena, nikasema karogwa.

Zamu yangu ikafika. Mama Rehema akavuta pazia akasema, "Karibu, Mama Kija." Alikuwa ananijua muda wote, na matusi yangu ya barabarani aliyasikia yote. Akaweka futi begani kwangu, akasimama. Akasema taratibu, "Shusha pumzi kwanza. Nikikupima umejibana hivyo, nguo itakusumbua siku ukipumua."

Nikajaribu kushusha pumzi. Yesu wangu! Badala ya pumzi kikatoka kilio. Nililia mpaka kamasi. Kwa adui yangu, futi ikiwa begani! Hakuniuliza nalia nini, wala hakuniambia nyamaza. Alikaa na mimi nyuma ya pazia, wateja wanamngoja nje, akangoja. Nilipotulia nikamuuliza Minza kamwambia nini. Akasema, "Hilo muulize mwenyewe. Mimi aliniambia nikiwa namshonea." Hakusema zaidi. Iliniuma, kwa sababu mimi ningesema, na ningeongeza.

Nilirudi kwangu na mafuta yangu hayajafunguliwa. Nikafunga mlango, nikapiga magoti katikati ya vitambaa. Nikasema, "Bwana, nimetafuta samba, sikuiona. Ni wivu. Namwonea wivu yule mama, namwonea wivu shangazi, nina hasira, na nina hofu kwamba mtoto niliyemlea hanipendi." Sijawahi kuomba hivyo. Maombi yangu yote yalikuwa ya kuwataja watu wengine. Siku ile nilijitaja mwenyewe, na Mungu akanishika! Kitu kizito kikanitoka kifuani, haleluya! Nililala pale sakafuni nikapata usingizi kama mtoto.

Kuna mwalimu wa semina ya wajasiriamali aliwahi kutufundisha kitu anaita akili ya hisia. Kwamba ujue unachohisi kabla hakijakutoka mdomoni, ujue na mwenzako anahisi nini. Nilimnong'oneza jirani yangu, "Hisia hazishoni nguo." Tukacheka. Mwalimu, popote ulipo, nisamehe. Zinashona.

Nikamfuata Minza. Nikakaa, mikono nimeikalia, nikamwambia, "Mdogo wangu, nimekukosea wapi?" Halafu akasema. Alipomaliza kidato cha nne nilimshonea gauni la mahafali. Nilimpima barazani, vijana wanapita, nikamtangazia Mama Suzi kwamba kifua bado, hapo tusubiri mvua za masika. Mimi nilisahau siku ile ile. Yeye alijifungia akalia, na tangu hapo hakuna jambo lake la ndani alilowahi kuniambia. Hata mchumba wake mimi niliambiwa na majirani.

Ndugu zangu, ulimi uliniwasha! Nilitaka kusema nilikutania tu, nilitaka kusema na malaria nani alikuuguza. Roho Mtakatifu akaniziba mdomo. Nikasema, "Nisamehe, Minza." Basi. Hakunikumbatia kama kwenye tamthilia. Alisema, "Nimesikia, dada." Na shangazi alikuwa ameshaambiwa, hivyo kiti kikabaki cha shangazi.

Siku ya sendofu ikafika, wakwe wameshavuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba, ukumbi umejaa. Na lile gauni... niseme ukweli mbele za Mungu? Lilikuwa zuri. Pindo limenyooka. Nililitafuta kosa, sikuliona, na iliniuma kama jino. Nimekaa meza ya katikati na wageni wengine, mpambe akaja akaniinamia, "Minza anakuita chumbani."

Nikamkuta amekaa peke yake. Akanishika mkono. Akasema, "Dada, naogopa. Kule Bukoba simjui mtu, lugha siijui, je wasiponipenda?" Mama Kija wa zamani angesema, acha ujinga, wenzako wanatafuta mume hawapati! Mimi nilikaa chini sakafuni na kitenge changu kipya, nikamwambia, "Niambie." Akaniambia. Aliniambia mambo mengi, mpaka MC akaanza kuita kwenye spika, na hakuniacha mkono.

Baadaye nikaona shangazi analishwa keki kwenye kile kiti. Alitafuna polepole, jamani, kama aliyetumwa kunitesa! Wivu ukaja, ukakaa pembeni yangu. Nikauambia, nimekuona, kaa hapo, mimi nampigia makofi mwanangu. Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Sasa kibandani kwangu kuna pazia. Napima kimya, naandika mwenyewe. Wateja kadhaa wamerudi, wengine hawajarudi, nami nawaelewa. Mama Rehema bado ananizidi, na nikiona benchi lake limejaa wivu bado unanichoma. Sijaja kuwadanganya madhabahuni. Lakini unanichoma nikiwa najua jina lake, na ukianza naenda kwa Bwana mapema, siendi kwa majirani.

Na juzi Minza amenipigia simu kutoka Bukoba. Ameniambia jambo. Shangazi hajalijua. Mume wangu pale hajalijua, mwangalieni anavyogeuka! Hata mseme nini siwaambii. Mnacheka? Siwaambii! Mimi Mama Kija, mwenye mdomo huu, nimepewa siri na mdogo wangu, na ninayo hapa kifuani, na inanikaa vizuri. Huyu ndiye Mungu ninayemshukuru!

Wapendwa, kama nyumbani kwako kuna mtu ameacha kukuambia mambo yake, usiende kutafuta mchawi ng'ambo ya barabara. Muulize umemkosea wapi. Halafu unyamaze. Kama kunyamaza kunakushinda, njoo hapa mbele tumwombe Yesu, kwa sababu mimi hapo ndipo aliponiokoa. Amina!