Marehemu Hadi Ijumaa

NZAU: Haloo? Nani huyo? Hii namba siijui.

MULINGE: Haloo? Si hii ni simu ya mama, ya Mwaitu... Baba? Ni wewe?

NZAU: Nimeuliza ni nani.

MULINGE: Ni mimi, Baba. Mulinge.

NZAU: Mulinge gani?

MULINGE: Mulinge wako.

NZAU: [lori linapita] Huyo wangu alizama jana saa nne asubuhi. Iko kwa simu ya dada yake. Mutanu alinisomea, nikamwambia asome tena.

MULINGE: Ngai, Mungu wangu. Baba, sikiza. Yalikuwa mazoezi ya navy. Vita ya kujifanya. Nilimtumia Mutanu message mbili. Ya kwanza ilisema meli yetu imezamishwa. Ya pili ilisema ni mchezo tu, msijali—

NZAU: Ya pili haikufika.

MULINGE: Simu iliniponyoka nikiituma, ikaingia maji. Hii ni ya mwenzangu, Abdisamad. Halafu tukaenda mbali, network ikapotea; leo ndio tumerudi karibu na nchi kavu, ikashika.

NZAU: Kwa hivyo hukuzama.

MULINGE: Tulizama kwa karatasi. Sisi ndio tunapelekea meli zingine mafuta, maji na chakula hukohuko baharini. Tulikuwa tumefungana na meli ingine, bomba la mafuta katikati, tunaenda sambamba. Hapo huwezi kukata kona. Adui akatupata hivyo. Mwamuzi akaangalia saa, akaandika: mmekufa, mpaka Ijumaa.

NZAU: Na maiti wanafanya nini mpaka Ijumaa?

MULINGE: Wanapika.

NZAU: Wanapika.

MULINGE: Vita ni ya uongo lakini njaa ni ya kweli. Leo asubuhi hata hiyo meli ya adui iliyotuzamisha imekuja kuomba maji. Mashine yao ya kusafisha maji ya chumvi imeharibika.

NZAU: Mkawapa?

MULINGE: Tukawapa. Tungefanya nini?

NZAU: [anakohoa] Nyumbani pia tumeletewa maji. Tangu jana. Kathonzweni yote imekuja na mitungi, na wewe unajua vile maji iko huku. Mama Ndinda peke yake alileta maji ya punda mbili. Ile tangi yetu imejaa mpaka juu, mara ya kwanza tangu mwaka jana.

MULINGE: Kwa nini walete—

NZAU: Matanga haiendi bila maji.

MULINGE: Mmeshaanza matanga.

NZAU: Pasta amekuja mara tatu. Ile mbuzi ya madoa imechinjwa. Nzioka alisimama akasema ulikuwa mtoto mwenye adabu.

MULINGE: Nzioka? Si ndiye alisema niliiba mapapai yake?

NZAU: Huyo. Alilia sana.

MULINGE: Na Mwaitu je? Mpe simu, Baba. Tafadhali.

NZAU: Hayuko hapa.

MULINGE: Ako wapi?

NZAU: Ako nyumbani.

MULINGE: Na wewe uko wapi na simu yake? Nasikia malori.

NZAU: [network inakwaruza] ...kindu.

MULINGE: Umesema?

NZAU: Makindu. Stage.

MULINGE: Makindu, kwa barabara ya Mombasa? Unafanya nini huko?

NZAU: Nimekuja kuona mtu wa kondoo.

MULINGE: Watu wako kwa matanga yangu, na wewe unatafuta kondoo.

NZAU: Kondoo hawajui kuna matanga.

SAUTI KWA KIPAZA: [kwa mbali] ...abiria wa Mombasa, wa Mombasa, mzee, huo mfuko wako mkubwa unawekwa chini ya gari...

MULINGE: Baba. Huo mfuko uko na nini?

NZAU: Mfuko gani?

MULINGE: Baba.

NZAU: Suti yako. Ile nyeusi, ya siku ya kumaliza chuo.

MULINGE: Ulikuwa unapeleka wapi?

NZAU: Kwa dobi.

MULINGE: Dobi wa Makindu.

NZAU: Wa Kathonzweni amefunga.

MULINGE: [upepo] Miaka miwili tangu nijiunge, Baba. Nilikuwa napiga, ukiona ni mimi unapea Mwaitu simu bila kusema kitu.

NZAU: Mimi si mtu wa simu.

MULINGE: Ulisema Mkamba akitafuta maji anachimba mtoni, haendi kuyafuata mpaka baharini.

NZAU: Nilisema mambo mengi. Unakula vizuri huko?

MULINGE: Nakula.

NZAU: Jana usiku nilijaribu kufikiria hiyo bahari. Sikuweza kuona pande ingine. Nilikuwa najiuliza, mtu ataanza kutafuta wapi.

MULINGE: Baba—

NZAU: Hakuna mtu angeniambia ni wapi.

MULINGE: Rudi nyumbani. Mwambie Mwaitu niko sawa. Sasa hivi, mpigie Mutanu ampe.

NZAU: Nitampigia. Kwanza wamalize kula, hiyo nyama itaharibika.

MULINGE: Baba, mpigie sasa. Na Abdisamad anasema credit imebaki ya dakika moja.

NZAU: Sawa, nampigia. Hiyo Ijumaa mkifufuka, mnatokea wapi?

MULINGE: Tunaingia bandarini saa nane hivi. Lakini si lazima—

NZAU: Watu wa nje wanaruhusiwa kuangalia?

MULINGE: Kwa geti, ndio. Nitatoka nikuchukue. Utalala wapi siku hizo zote mbili?

NZAU: Pasta amenipa namba ya kanisa moja huko. Alidhani nitahitaji watu wa kukubeba. Haya, gari inaingia, acha ni—

MULINGE: Baba, asante ku— [simu inakatika]

NZAU: Haloo? Mulinge? ...Haya. [anapiga namba ingine] Mutanu? Mutanu, ni baba yako. Kaa chini kwanza. Mama yako ako karibu? Mwite. Mulinge ako hai. Ndiyo, ako hai, ni yeye amepiga. Mwambie mama yako. Mimi siwezi, gari inajaa... [kwa mkata tiketi] Ndiyo, madam, Mombasa, mtu mmoja. Hapana, si mazishi. Naenda kuona kijana yangu. Anapelekea watu maji huko baharini.