Ignace Kakule na Kitabu Chake cha Estonia (1957–2025)

Marehemu Ignace Kakule alizaliwa Butembo, Kongo, tarehe 3 Mei 1957, mtoto wa nne wa kiume. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Masika, mdogo wake, fundi cherehani wa Yeoville, hapa Johannesburg.

Alisoma hapo Butembo, kisha akahitimu historia Lubumbashi mwaka 1982. Huko ndiko alikoipenda Estonia, nchi ndogo ya Ulaya iliyotawaliwa na Urusi. Akarudi kufundisha nyumbani. Alipofunga ndoa na Victorine mwaka 1988, bibi harusi alikuwa ameshazoea kusikia habari za Estonia.

Vita vilimleta Johannesburg mwaka 2001. Mwalimu akawa mlinzi wa jengo Braamfontein kwa miaka kumi na tisa. Akitoka zamu, aliketi kwenye meza yangu ya kukatia nguo, akaandika kwa mkono jinsi mapinduzi ya Urusi yalivyowafungulia Waestonia njia. Walitangaza uhuru tarehe 24 Februari 1918. Kesho yake Wajerumani wakaingia mji mkuu.

“Siku moja tu, Masika! Na hawakuuacha,” aliniambia. Walipigana mpaka mkataba wa amani na Urusi wa 1920.

“Yaya, sogea kidogo, niko nakata,” nilimjibu; yaya kwetu ni kaka mkubwa.

Kanisani tulimwita Papa Estonia, yaani Baba Estonia. Tulimuuliza kila Krismasi kitabu kitaisha lini, naye alicheka tu.

Naona haya, lakini nitasema. Kitabu kiliisha Agosti 2016. Mimi nilikuta kurasa arobaini mezani, nikadhani ni za kutupwa. Nikazibandika pamoja, nikazikata ziwe vipimo vya karatasi vya kukatia mikono na kola za mashati ya kwaya. Ilikuwa sura ya uhuru wenyewe. Alipovitambua vile vipande, alikaa kwenye kiti cha wateja.

“Masika, hii neno iishe hapa,” akasema. “Watu wasikucheke.”

Sukari ikamla macho kabla hajaiandika upya sura ile. Mwaka jana Daktari Fauzia, mhadhiri wa historia, alikuja kukiomba kitabu. Yaya alimjibu kwamba hajamaliza. Nilikuwa nimesimama pale na sinia ya chai, nikawamiminia tu.

Figo zilishindwa, akafariki tarehe 9 Juni 2025. Ameacha mjane Victorine, watoto Gaëlle na Pitchou, wajukuu watatu, na mimi. Wanakwaya, mashati mliyovaa leo yalikatwa kwa kurasa zake. Daktari Fauzia, vipande vilivyobaki nimevileta katika mfuko huu.

Pumzika, yaya. Ulikuwa umemaliza.