Wifi Yangu Généreuse na Mkono Ulioinuka

Habari za kuzaliwa kwake nilizipata kwa mama yake mzazi, Mama Philomena, aliyeniambia mwenyewe kwamba Généreuse, wifi yangu, alizaliwa Uvira, tarehe 3 Machi 1938, siku ya mvua kubwa, analia kama anayeimba. Mniwie radhi, mimi sikusoma, natoa kichwani, na nimechoka.

Shule aliishia la tatu, kwa Masista. Tarehe 14 Julai 1956 akaolewa na kaka yangu Nathanaël, Mungu akawapa watoto watano, wamebaki Eustache na Amandine. Mwaka 1992 Eustache akatuleta hapa Toronto, tukakaa Lawrence Heights, Généreuse akapata kazi Downsview, kwenye ghala la kuku wa barafu, anabeba masanduku mpaka bega la kuume likakataa, mkono hauinuki hata kujifunga kitambaa cha kichwa.

Novemba 1995 mwenzake wa kazini akatupeleka kwa shangazi yake, mama wa Kichina anayetibu kwa sindano. Sasa kwetu mgonjwa hasemi panapouma, anayetibu ndiye aseme, kwa hiyo Généreuse akanyamaza kama jiwe, yule mama akamshika mshipa wa mkono, akatazama ulimi, halafu akamchoma mguuni, chini ya goti. Wifi yangu akasahau kwamba alikuwa anampima yule mama, akapiga kelele, "We mama, bega liko huku juu!" Tukacheka wote, yule mwenzake akatufasiria kwamba mwilini mna njia, maumivu ni njia iliyoziba, na waweza kuizibua kwa kuchoma mbali na panapouma, na sindano yenyewe ni nyembamba kama unywele, haina dawa ndani, ikishatumika inatupwa. Alirudi tena na tena, na kufika Pasaka mkono ukainuka.

Hapa wazee wa kanisa wameniomba nipite haraka, sipiti. Walisema sindano isiyo na dawa imebeba pepo, achague sindano au kwaya aliyokuwa akiimba. Akawajibu, "Mkono huu namwinulia Mungu, niushushe?" Wakamkalisha nyuma, karibu miaka mitatu, anaimba mdomo umefungwa.

Mwaka jana tumbo likavimba, yule mama hakumdanganya, akamwambia hii si ya sindano, nenda hospitali. Amefariki Jumanne, tarehe 9 Februari 1999, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Wifi, wataniimbia?"

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani, wenzake wa ghalani, na mama wa sindano aliyesimama pale mlangoni, jamani mpeni kiti. Mama Kemunto wa kwaya, nakuona umeinuka, na wenzako wanainuka, asanteni, mwimbieni.

Amandine, watoto wanasinzia, wapeleke wakalale. Nawe wifi, umesikia, wanakuimbia, shusha mkono sasa, upumzike kwa amani.