Shangazi wa Majokofu na Vinanda vya Safarini

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, fundi mkuu wa majokofu wa hospitali zetu, ambaye sote kuanzia mkurugenzi hadi mfagiaji tunamwita Shangazi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Aliajiriwa akiwa fundi msaidizi, mwanamke pekee katika karakana. Kazi yake ikawa kuzunguka miji yote yenye matawi yetu, kuhakikisha chanjo na damu haziharibiki. Jokofu likikohoa mji wa mbali, Shangazi alikuwa njiani kabla chai yake haijapoa. Ndiye aliyepigania kila tawi liwe na jokofu la akiba, na tangu hapo hatujamwaga hata chupa moja ya chanjo.

Tuliosafiri naye tunajua pia ugonjwa wake mwingine: kinanda. Alifundishwa utotoni na mjomba wake aliyekuwa akipiga kanisani, lakini hakuwahi kumiliki cha kwake. Basi kazi ikiisha, wenzake tukitafuta kitanda, yeye alitafuta ufunguo wa kanisa. Alinawa grisi, akavaa viatu vyembamba alivyovitunza pamoja na spana, akaketi. Vingine vilikuwa vinanda vikubwa, mabomba yake yakifika darini. Vingine vilihema kama mzee anayepanda ngazi. Vyote alivifurahia. Ukimpigia makofi alisema, "Acha fujo, tunazungumza." Mumewe hutania kwamba mkewe ana mpenzi kila mji, ila anashukuru wote ni wa mbao.

Kisha feni ya jokofu ikamjeruhi mkono wa kulia. Vidonda vilipona, lakini vidole viwili viligoma kukunjika. Alirudi kazini, akajifunza upya kushika spana. Safari ziliendelea, ila funguo hakuomba tena. Jioni alijifungia chumbani, redio imezimwa. Sisi hatukumsumbua, adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mwaka uliofuata, mlinzi wa kanisa katika mji mmoja alimwona kwenye geti la hospitali, akamfuata.

"Shangazi, umetususa?"

"Mkono umeharibika, kaka. Kinanda ndiyo basi tena."

Mlinzi akautazama ule mkono, akampa pole. Kisha akauliza, "Na miguu nayo iliumia?"

Maana kinanda cha kanisa lile kina safu ya vibao chini, vinavyopigwa kwa miguu. Shangazi akacheka, halafu akalia, halafu akaomba ufunguo.

Dereva wake alisimama mlangoni. Anasema Shangazi alianza kwa miguu peke yake, sauti nzito, polepole, hadi vioo vya madirisha vikatetemeka. Baadaye mkono wa kushoto ukaja kusaidia. Alikosea, akarudia, akakosea tena. Hakuna aliyemharakisha. Walipofunga mlango, alikuwa amelowa jasho na anatabasamu kama bibi harusi.

Toka siku ile amepanga upya nyimbo zake zote kwa kile anachokiita "mkono mmoja na nusu." Sasa yeye na mumewe watavitembelea vinanda vya miji ambako hakuna jokofu lililowahi kumpeleka.

Shangazi, ahsante kwa kila mtoto aliyepata chanjo iliyo salama. Ahsante kwa vijana wa karakana uliowalea kwa ukali na kwa vicheko. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha na barabara nzuri. Nenda ukafurahi, umestahili.