Herufi ya Mwisho ya Jina la Darthuami

Mwalimu Darthuami, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 katika kijiji hiki cha Tlangvel, wilaya ya Champhai, Mizoram. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Hrangkhuma na Mama Saithangi, na kwa maelezo ya dada zake, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote.

Alimaliza darasa la kumi Champhai mwaka 1965. Miaka miwili baadaye nyumba yao iliungua wakati wa machafuko, na cheti chake kikateketea. Aliandika barua kumi na moja kuomba kingine. Kilipofika kilisomeka "Darthuama". Kwetu hata mtoto anajua kuwa i mwishoni ni jina la mwanamke na a ni la mwanamume, lakini karani wa huko tambarare hakujua. Alipofika chuo cha ualimu Aizawl akakuta amepangiwa bweni la wavulana. "Nimesimama na sanduku langu mgongoni," alikuwa akitusimulia, "mlinzi ananiambia, 'Ingia tu kaka, mbona unaona haya?'"

Mwaka 1974 aliolewa na Mzee Thangkima, seremala, wakajaliwa watoto wawili. Mumewe alimtengenezea kabati la droo ishirini na saba la kuwekea magazeti, wala hakuuliza ni ya nini.

Alifundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na minne. Lakini wengi tunamkumbuka Pi Dari, yaani Bibi Dari kama tulivyomwita, kwa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Kila Ijumaa jioni, matangazo ya nguruwe waliopotea yakiisha, alishika kipaza sauti cha kijiji akatusomea nafasi za kazi, za mafunzo na za ufadhili wa masomo alizokata magazetini. Kisha vijana walimfuata jikoni awasaidie kujaza fomu. Chai ilikuwepo, na makelele pia. "Herufi ya mwisho! Unakwenda kusomea uuguzi wewe au kaka yako?" Manesi na mafundi wengi waliokaa hapa leo walifokewa jikoni mle, nikiwemo mimi mpwa wake.

Alikuwa na donda moja. Mwaka 1998 alimjazia Rohmingthanga, Hminga wetu, fomu ya mafunzo ya ufundi umeme Silchar. Hminga hakwenda. Alimwambia baba yake kuwa fomu imerudishwa: Pi Dari amekosea, ameandika "Rohmingthangi", amemfanya msichana. Mwalimu alipoambiwa hakubisha. Alilia. Tangu siku hiyo hakuthubutu kupita mbele ya nyumba ya kina Hminga. Alizunguka njia ya mtoni, mvua ije, jua liwake.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Aizawl, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Tarehe 29 Oktoba 2021 Hminga alikuja na bahasha yenye matobo ya mende. "Pi Dari, fomu hii sikuituma. Nilikuwa sijawahi kulala nje ya kijiji. Niliogopa, nikakusingizia."

Mwalimu aliomba miwani. Akafuatisha jina kwa kidole mpaka mwisho. Ilikuwa a.

"Mpumbavu we!" akasema. "Miaka ishirini na mitatu unanizungusha mtoni, na magoti haya!" Akacheka mpaka tukamshika asianguke. Jioni ile alikula wali sahani nzima, na usingizi wake ukawa wa mtu aliyetuliwa mzigo. Nasi tulishusha pumzi. Alifariki kwa utulivu tarehe 9 Novemba, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha mume, Mzee Thangkima, watoto wawili, Lalnunziri na Vanlalruata, wajukuu watano, dada mmoja, na droo ishirini na saba, ambazo Lalnunziri atazifungua Ijumaa kama kawaida.

Jina lililo msalabani amelichonga Hminga, kwa kuomba mwenyewe. Leo asubuhi alituita mara tatu tulisome kabla hajapaka rangi.

Mwalimu, ni i. Pumzika kwa amani.