Demetria Chilumba, Aliyeitafuta Makala ya Mumewe

Dada yetu Demetria Mashaka Chilumba alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika kijiji cha Mwena, Ndanda, wilayani Masasi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mashaka Chilumba, mchonga vinyago, na Mama Filomena. Baba akichonga, yeye alivipanga vinyago kwa ukubwa, na ole wako uhamishe kimoja. Mimi mdogo wake Fransis, ninayewasomea wasifu huu, nilihamisha, na sikio langu la kushoto bado linakumbuka.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, akamaliza kidato cha nne kwa masista mwaka 1979. Baada ya mafunzo ya ukutubi, Julai 1983 aliajiriwa katika maktaba ya chuo hapa Dar es Salaam, kwenye dawati la sayansi ya siasa. Huko ndiko alikoishi hasa. Nyumbani Temeke alikuja kulala tu.

Waliomfahamu enzi zile wanakumbuka makabati ya kadi, majarida yaliyofika yakiwa yamechelewa miezi, na foleni kwenye mashine ya fotokopi. Mwanafunzi aliyekuja kutafuta makala kuhusu uchaguzi au vyama hakuulizwa kichwa cha makala hiyo. Demetria aliuliza, "Huyo unayemtafuta, nani alimpinga?" Aliamini kwamba msomi akitaka kumpinga mwenzake hana budi kumtaja: jina, jarida, mwaka, ukurasa. Basi mshike mpinzani, atakupeleka kwa mwenyewe. Hata kompyuta zilipokuja, hakubadili mtindo. Nyumbani tulikoma, maana hata ukimletea umbea alikuuliza umeusoma wapi.

Dawatini hapo ndipo alipokutana na Gibson Nambunga, mtafiti wa siasa mwenye maneno mengi na kicheko kikubwa kuliko maktaba inavyoruhusu. Walifunga ndoa tarehe 16 Septemba 1989, na Mungu akawajalia Filomena na Jonas. Shemeji alipenda kujisifu kwamba, akiwa bado mwanafunzi, aliandika makala kuhusu mabalozi wa nyumba kumi wa Temeke, wale viongozi wa chama waliosimamia kila kaya kumi, ikachapishwa katika jarida la nje. Nakala yake pekee alimwazima rafiki, na vitabu vya kuazimwa sote tunavijua. "Iko siku nitakuonyesha," alimwambia mkewe. Alifariki Februari 2001, Jonas akiwa bado anabebwa mgongoni.

Jonas alikua akiuliza baba yake alikuwaje, akaonyeshwa picha. "Picha haiongei, mama," alisema siku moja. Tangu hapo Demetria aliazimia kuipata makala ile, ili mwanawe amsikie baba yake akijenga hoja. Alilitafuta jina la Nambunga katika kila faharasa iliyomfikia mkononi, kisha kwenye kompyuta. Alistaafu mwaka 2021, akahamia Kibamba, na makala hajaipata.

Mwaka 2024 figo zake zilishindwa, akaanza kusafishwa damu. Tuliogopa kwamba ataondoka mikono mitupu. Bi. Hamida, mwenzake wa maktaba, alipokuja kumjulia hali alimtolea uvivu: "Mama Filo, sie wote unatuambiaga tumtafute aliyempinga. Kwa mumeo mbona hutaki?"

"Mie nikasome mtu anayemsema Gibson wangu?" dada alijibu.

Kumbe ndiyo iliyokuwa sababu, miaka yote hiyo. Mapenzi yalimfanya aivunje kanuni yake mwenyewe.

Alikubali kwa shingo upande. Wakafungua kompyuta ya Filomena, wakampata mtafiti mmoja aliyewashambulia waliowasifu mabalozi wa nyumba kumi, hasa mtu anayeitwa G. Ferdinand. Dada alipiga kelele hadi majirani wakaja. Ferdinand ni jina la marehemu baba mkwe wake! Kama wengi wetu, Gibson alisoma shule kwa jina la baba yake. La ukoo alilichukua baadaye, alipoanza kazi. Mke alikuwa amemjua kwa hilo la pili. Maktaba moja ya huko nje ikatuma nakala kwa barua pepe.

Jonas alimsomea mama yake hospitalini, mama akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Katikati akasimama. "Mama, hapa mie simkubali mzee. Mabalozi walikuwa wanawachunga watu, siyo kuwasikiliza."

"Soma vizuri hiyo aya," mama akaja juu. "Baba yako hajasema hivyo!"

Walibishana mpaka nesi akaja kuwanyamazisha. Dada alicheka, kisha akalia. "Haya," akamwambia mwanawe, "leo umeongea na baba yako." Katika ugonjwa wake wote hatukumwona na furaha kama ile.

Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, nyumbani Kibamba, watoto wake wakiwa kando ya kitanda. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, jumuiya ndogondogo, na Bi. Hamida, ambaye hakukosa kuja hata mvua iliponyesha.

Marehemu ameacha watoto wawili, Filomena na Jonas, wajukuu watatu, mimi mdogo wake, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu. Makala ya Gibson ameiacha mezani. Jonas ameisoma tena wiki hii, na bado hakubaliani na baba yake. Ila sasa hakuna wa kumtetea mzee.

Bwana ampokee dada yetu, na ampumzishe kwa amani.